Step 1 mwaka wa nne ama ningoje? Mjomba ana pesa sasa hivi

BintiMakupa
Salaam aleikum wanajukwaa, habari za usiku. Humu huwa nasoma napita, leo nimeamua kuandika manake usingizi haupo.

Niko mwaka wa nne wa udaktari, chuo tukiache, sasa hivi niko nyumbani Mombasa likizo fupi. Tangu mwaka wa pili nia yangu ni nikimaliza niende residensi (mafunzo ya ubingwa) Marekani niwe daktari wa watoto. Njia naijua juu juu: mitihani ya leseni ya kule, USMLE, yaani Step 1 ya sayansi za msingi na Step 2 CK ya mambo ya wodi, kisha cheti cha ECFMG kwa sisi tuliosoma nje, alafu ndio uombe nafasi. Kinachonishinda ni LINI. Ukishamaliza miaka miwili ya udaktari Step 1 waruhusiwa, kwa hivyo sheria hainizuii, najizuia mwenyewe.

Sasa juzi mjombangu aliyeko Dubai kapiga simu kwa mama. Ati pesa za mtihani wa huyo mtoto nnazo, lakini zichukueni kabla mwaka haujaisha, mwakani naoza, na harusi za kwetu mwazijua, baada ya hapo msinitafute. Mama alikuwa yuakanda mahamri, kanigeukia simu imejaa unga mpaka kwenye kioo, "haya, mtihani lini, mjombako yuko hewani". Nikabaki kukodoa macho tu.

Darasani kwetu wawili washabuku mwezi wa kumi na mbili. Mmoja aniambia tukiutua huu mzigo sasa, mwaka wa tano na wa sita tutakuwa na wodi tu. Kaka mmoja wa mwaka wa sita aniambia usithubutu, maliza, fanya intanshipu, ndio uangalie mambo ya mbele. Na mimi nikifungua daftari langu la bayokemia la mwaka wa kwanza, mwandiko naona ni wangu lakini aliyeandika simjui.

Nisaidieni. Na wale wa "nchi yakuhitaji" nawaheshimu sana ila hilo tulifungulie uzi wake.

Kahawa_Tungu
Mjomba wa kutoa laki na ushei bila kuulizwa mara mbili na we waja kuuliza tarehe? Mi wangu hata vocha ya hamsini hatumi. Nimekaa kwenye mkeka hapa nafuatilia.

Tudor4
Kwani lazima Marekani? Fanya PLAB ya Uingereza, mtihani wa kwanza ni masaa matatu, maswali 180, watoka unaenda kula. Hiyo ya Wamarekani ni siku nzima mtu akaa kama anangoja feri.

DaktariWaFeri
@Tudor4 PLAB haimsaidii huyu sasa hivi, wale wataka shahada iwe mkononi na mtihani wa Kiingereza uwe ushapita ndio ubuku. Hiyo ni hesabu ya mtu aliyemaliza. Step 1 ndio waifanya ukiwa bado mwanafunzi, ndio maana yasumbua vichwa.

Alafu dada BintiMakupa ngoja nikwambie yangu, manake mimi ndio yule aliyefanya kwa sababu wenzake wafanya.

Mwaka wa nne vile vile. Unapoomba wachagua dirisha la miezi 3, na ndani ya hilo dirisha ndio wabuku siku yako Prometric, wale wenye vituo vya mtihani. Mi nikachagua dirisha likaanguka vizuri kabisa baada ya mitihani yetu ya kufunga mwaka, nikajiona nina akili. Wahadhiri wakagoma. Kalenda ikasukumwa, mitihani ya chuo ikaja ikakaa juu ya dirisha langu kama matatu iliyopandishwa juu ya njia ya watu wa miguu. Nikalipa nikaongeza dirisha, na hilo waruhusiwa mara moja tu, nikapata miezi 3 mingine, na kwenye hiyo miezi yote zilizokuwa zangu kikweli ni wiki tatu. Wiki tatu, Likoni, nyumba ya watu tisa, stima zaenda zarudi, na mimi na patholojia.

Jaribio la NBME, ule mtihani wa kujipima kabla, likanipa uwezekano wa kupita kama nusu kwa nusu. Sasa we niambie, ukiambiwa hii feri nusu yake huzama utapanda? Mi nikapanda. Tikiti ya treni nshakata, gesti Nairobi nshalipa, mama kashawaambia majirani mpaka muuza mbaazi. Nikaona haya kurudi nyuma.

Nikafika Nairobi mwezi wa saba na shati la mikono mifupi. Mlangoni wakupekua, waweka kidole kwenye mashine, wageuza mifuko nje, saa wavua, askari aniambia nikunje mikono ya shati. Nikamuangalia. Akacheka yeye mwenyewe. Ndani easi yapuliza, mimi mtoto wa joto meno yagongana, na yale maswali si ya mstari mmoja, mgonjwa ahadithiwa tangu babu yake alikufa na nini. Ilipofika kama masaa matano hivi nilikuwa nasoma swali mara tatu na nikifika mwisho nshasahau mgonjwa ni mwanamume ama mwanamke.

Baada ya wiki tatu barua pepe ikaja, nikaifungulia ndani ya feri, nimebanwa na mkokoteni wa nazi. Nimefeli.

Nlirudia nikapita, alhamdulillahi, na sasa niko intanshipu. Lakini elewa hivi, ukipita huruhusiwi kurudia, ukifeli warudia lakini ile feli haifutwi, yakaa kwenye rekodi na kila programu utakayoomba itaiona. Na majaribio ni manne tu kwa kila Step, zamani yalikuwa sita wakayapunguza 2021. Hao wenzako wawili wa mwezi wa kumi na mbili, waulize jaribio la NBME lawapa ngapi. Wakikwambia bado hawajafanya basi wabuku tarehe kama mtu anayebuku ukumbi kabla hajapata mchumba.

Kahawa_Tungu
Hiyo ya mkokoteni wa nazi imeniuma wallahi.

BintiMakupa
Pole sana kaka. Na ahsante kwa kusema ukweli, watu humu huleta za kupita tu. Kusema kweli nimewauliza saa hizi hizi. Mmoja hajajibu, mwengine kaniambia "tutafanya wiki ya mwisho".

MjukuuWaMajengo
Mi niko residensi mwaka wa pili, magonjwa ya ndani, huku Michigan, kwetu ni Majengo. Naandika nikiwa zamu ya usiku kwa hivyo nikikatika jueni nimeitwa.

Watu wa nyumbani wengi bado waipanga Step 1 kwa hesabu ya zamani. Zamani ilikuwa na namba, na ile namba ndio ilikuwa ungo wa kuchekechea watu, mtu yuko radhi apoteze mwaka mzima aipandishe kidogo. Tangu tarehe 26 Januari 2022 namba haitoki, ni umepita ama umefeli basi. Watu wakasikia "imekuwa rahisi". Imekuwa rahisi wapi? Siku hiyo hiyo kiwango cha kupita walikipandisha kutoka 194 hadi 196, na sisi tuliosoma nje ya Marekani na Kanada, waliofanya mara ya kwanza 2021 walipita asilimia 82, mwaka 2022 ikashuka 74. Mi naona mtihani haukubadilika sana, watu ndio walilegeza mshipi.

Namba sasa imehamia Step 2 CK. Hiyo ndio programu zitakupimia.

Kwa hivyo Step 1 haina faida ya kuisoma miaka, hakuna wa kukupa zawadi ukipita sana. Wanachotaka ni upite, na upite mara ya kwanza. Tarehe yako ni siku ya mwanzo ambayo una hakika ya kupita, na ibakishe nafasi ya Step 2. Ukishaelewa hilo maneno ya "wenzangu washabuku" yaisha nguvu.

Sasa hesabu kutoka nyuma, usihesabu kutoka mbele. Residensi huanza tarehe 1 Julai. Matokeo ya nani kapata wapi hutoka mwezi wa tatu. Maombi huenda mwezi wa tisa mwaka uliotangulia, na ukitaka kuchukuliwa kama mtu basi hiyo Septemba uwe na matokeo yote mawili mkononi, na matokeo yenyewe huchukua wiki mbili mpaka nne. Wakati huo huo kuna saa nyengine yapiga, ukishapita mtihani wa kwanza una miaka 7 kupita mitihani yote inayotakiwa kwa cheti cha ECFMG. Saba ni mingi, lakini wewe piga, mwaka wa tano, wa sita, kungoja kupostiwa hospitali, intanshipu, mingapi imebaki? Atakayekwambia fanya mapema kabisa hakuhesabu hiyo.

Na kuna hili ambalo mi nililijua nshachelewa. Elektivu. Ukiwa mwanafunzi waweza kwenda hospitali ya Marekani wiki nne ukashika mgonjwa, ukaandika, daktari mkubwa akakujua akakuandikia barua. Ukishahitimu sehemu nyingi mlango huo wafungwa, wabaki kusimama nyuma ukiangalia mikono mfukoni. Na baadhi ya hizo hospitali hazimpokei mwanafunzi wa nje mpaka awe amepita Step 1. Maombi yao huenda miezi kabla. Kwa hivyo kama elektivu yako ni mwaka wa sita, Step 1 iwe ishaisha mwaka wa tano katikati huko. Hiyo ndio tarehe yako ya mwisho, si ya mjomba wala ya wenzako.

Nimeitwa. Narudi.

BiNesi_Mstaafu
Mwanangu BintiMakupa, mimi sitakwambia usiende. Nimefanya wodi ya watoto miaka mingi, nimeona madaktari wengi wakija na wakienda, na wengine nafurahi walikwenda. Nataka kukuuliza la nyumbani tu. Ukimaliza chuo, intanshipu ya mwaka mmoja utaifanya? Manake bila hiyo leseni ya baraza la hapa hupati, na nimeona kijana akakosa huku na kule, Marekani hakuchukuliwa mwaka wa kwanza wa kuomba na hapa hana cha kufanyia kazi, akawa akaa kwa mamake yuasoma mitihani kama mwali wa ndani.

DaktariWaFeri
Bi Nesi shikamoo. Hilo ni kweli kabisa na mi nakazia. Alafu dada, kati ya kumaliza chuo na kupostiwa kuna shimo la miezi ambalo huku kila mtu alilalamikia. Mwakumbuka mgomo wa madaktari wa 2024, siku 56, na moja ya magomvi makubwa ilikuwa maintani, serikali yataka kuwapa 70,000 na mkataba wa mishahara wa 2017 wasema 206,000. Watu wamengoja kupostiwa hata mwaka. Mi nililala tu nikingoja, nikawa naenda ufukweni Mama Ngina kila jioni kula mihogo ya pilipili kama mstaafu. Lau ningekuwa na akili lile shimo ndio ningelifanyia Step 2 CK, manake umetoka mtihani wa mwisho wa chuo, wodi zote nne bado ziko kichwani, na huna zamu. We shimo lako lipangie kazi kabla hujalifikia.

BiNesi_Mstaafu
Marahaba baba. Na hiyo mihogo mingi si mizuri.

MjukuuWaMajengo
Nimerudi. Bi Nesi shikamoo mama, na usemayo ndio, mi mwenyewe intanshipu nimeifanya kwanza na sijuti, mkono wangu ulikomaa.

Mjomba sasa. Msimkimbize na msikimbizwe. Pesa za mtihani ni nyingi ukijumlisha na nyongeza ya kufanyia nje ya Marekani, na ukishalipa hazirudi na huwezi kuzihamishia Step 2. Una njia mbili. Moja, atume azishike mamako, ziingie akaunti ya chama ama popote ambapo haziwezi kugeuka kuwa kochi. Ya pili, unapoomba si lazima uchukue dirisha la karibu, waweza kuchagua linaloanza miezi mbele. Mi napenda ya kwanza. Ukishalipa saa yaanza kukupigia kelele.

Na kabla ya kulipa hata senti fanya jaribio. Yapo maswali ya bure kwenye tovuti ya USMLE yenyewe, kama 120, anza na hayo siku moja ukae kitako uyamalize. Baadaye nunua majaribio ya NBME. Mi kanuni yangu, sikuisoma popote ni yangu tu, majaribio mawili mfululizo yakuambie uwezekano wa kupita ni zaidi ya 95, uwe na wiki sita hivi ambazo hakuna mtihani wa chuo, hakuna harusi, hakuna anayekutuma sokoni Kongowea. Vikikutana hivyo viwili, buku. Visipokutana sogeza, ukisogeza mapema Prometric haikukati kitu, ukingoja siku za mwisho ndio walipa.

Kingine, usidharau kuwa umeanza wodi. Swali la mtoto wa sikoseli mwenye homa na mfupa wamuuma, sisi wa Pwani hilo si swali, ni mtoto wa kitanda cha saba. Salmonella. Wenzangu huku walikariri, mi nilimuona. Lakini lipo la upande wa pili. Mzee wa Arizona akohoa, apungua, mapafu yana kivuli. Mtu wa kwetu mkono wenyewe waandika TB. Siyo, ni fangasi wa jangwa la kule. Ukiambiwa Ohio ama bonde la Mississippi, fangasi mwengine. Nilikosa maswali ya aina hiyo kwenye majaribio mpaka nikabandika ramani ya Marekani mlangoni mwa choo, nyumba nzima ikajua Histoplasma hukaa wapi. Mwaka wa nne una wodi kidogo na sayansi bado haijaota kutu sana. Ukingoja mpaka baada ya intanshipu kama yule kaka alivyokwambia, sayansi utaianza kama mgeni.

Tudor4
Swali la pembeni. Dirisha likiangukia Ramadhani je? Masaa manane na swaumu?

UmmuAnki
Mi nilifanya Ramadhani na nikapita. Nilikula daku ya nguvu, uji na tende, nikaingia, ile mapumziko nikawa naswali na kufunga macho. Kichwa kilikuwa chepesi kuliko siku zote. Ila mi ni mtu wa swaumu tangu mtoto, na kahawa situmii. Mtu wa kahawa tungu mara tatu kwa siku asijaribu.

Kahawa_Tungu
Mbona nimetajwa?

DaktariWaFeri
Alafu mtu atoka Mombasa mpaka Nairobi, huyo ni msafiri, ruhusa anayo, aje alipe baadaye. Msijitie ugumu ambao hamkuulizwa.

UmmuAnki
Ruhusa ipo, sijakataa, mi nilichagua tu. Ila dada BintiMakupa nina jambo la maana kuliko swaumu. PASI. Jina kwenye maombi liwe sawasawa na pasi utakayoingia nayo, herufi kwa herufi. Sisi majina yetu mwayajua, shuleni mwalimu kaandika anavyosikia, cheti cha kuzaliwa karani kaandika anavyotaka, pasi ikatoka na jina la tatu. Mi langu lilikuwa na "h" mbili chuoni na moja kwenye pasi. Kulisawazisha kumenila zaidi ya mwezi. Angalia leo, usingoje.

BintiMakupa
Wapendwa nimerudi baada ya siku nne, samahani kwa kimya.

Jumamosi nlikaa na yale maswali 120. Nimejifungia chumba cha nyanya manake ndio chenye feni, nikazima simu. Kwenye la 70 stima zikapotea, feni ikasimama, nikaendelea na chaji ya laptopu huku natiririka jasho kama niko kwenye mtepe. Nimepata asilimia 52. Za magonjwa ya watoto na vimelea nlikuwa vizuri, bayokemia na jeni nimechinjwa. Na naam, mzee wa Arizona alikuwepo kwenye maswali niliyopitia baadaye na naam nimemuandikia TB.

Kwa hivyo mwezi wa kumi na mbili hapana. Nimeangalia kalenda yetu, mwaka wa tano kuna likizo ndefu katikati, na hata wahadhiri wakigoma tena ina nafasi pande zote mbili. Nataka kukaa Step 1 hapo, elektivu niombe baada yake, na Step 2 kwenye lile shimo la kungoja kupostiwa. Kati ya sasa na hapo ni Anki, zile kadi za kukariri, kila alfajiri na nusu saa ya maswali usiku, siyo zaidi, nataka kupita chuo pia.

Mama ndio kaongea na mjomba. Kamwambia mtoto hataki kufanya sasa. Mjomba akanyamaza, akauliza, "ameogopa?" Mama akamwambia "la, amepima akajiona hajaiva." Akacheka, akasema mtu anayejua hajaiva huyo apewe, katuma juzi, ziko kwa mama kwenye akaunti ya chama na kamati nzima ya akina mama washaapishwa zisiguswe hata kukitokea msiba wa nani.

Wale wenzangu, mmoja kasogeza tarehe. Mwengine bado yuaenda.

MjukuuWaMajengo
52 bila kusoma ni mwanzo mzuri sana, mi nlianza chini ya hapo. Huyo anayekwenda, mwambie afanye NBME kabla siku za kusogeza bure hazijaisha. Mwambie tu, asipotaka basi.

UmmuAnki
Na pasi?

BintiMakupa
Dada we acha tu. Nimetoa pasi, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chuo nikavipanga kitandani. Cheti kina "u", pasi haina "u", kadi ya chuo ina "u" na "a" ya ziada ambayo sijui ilitoka wapi. Jumatatu asubuhi niko foleni ofisi za serikali, kaka nishamwambia anipeleke na tuktuk mapema. Ntaleta mrejesho.